Ugomvi wa Mapacha: Herufi za Vitabu Vyetu Zichaguliwe na Kiswahili Chenyewe

Chama chetu kimo katika kutayarisha kitabu cha kusomea kwa wanafunzi wa Uganda wanaoanza Kiswahili. Hadithi zimekwisha kukusanywa, mazoezi yamepangwa na picha zimechorwa. Lililobaki ni jambo ambalo wengi walilidhania dogo, nalo ni kuchagua sura ya herufi zitakazotumika kukichapa. Hapo ndipo ulipozuka ubishi. Wapo wenzetu wasemao kwamba kitabu cha heshima hakina budi kuchapwa kwa Helvetica. Wapo wasemao kwamba Arial yatosha, maadamu imo katika kila kompyuta na haitugharimu hata shilingi. Wapo wachache, waliopata kusoma mambo ya sanaa ya uchapaji, wanaoitetea Univers. Na lipo kundi la nne, ambalo twadhani ndilo kubwa kuliko yote, lisemalo kwamba herufi ni herufi, na kwamba walimu wazima wanapoteza wakati wao kwa mambo ya wapiga chapa.

Sisi twayapinga makundi yote manne. Matatu ya kwanza yanagombana juu ya tofauti isiyomhusu mtoto wetu, na la nne lakana tofauti inayomhusu sana. Na kwa kuwa uamuzi ukishapitishwa na kitabu kikishatoka mitamboni hapatakuwa na nafasi ya kuurudia kwa miaka mingi, tumeona ni wajibu wetu kuyaeleza mawazo yetu hapa, mbele ya walimu wenzetu, kabla ya mkono wa mwisho kupigwa.

Yafaa kwanza tuwafafanulie wasomaji ambao hawajapata kulitazama jambo hili kwa karibu. Herufi za kuchapia zimegawanyika katika jamii mbili kubwa. Jamii ya kwanza ni ya herufi zenye serifu, yaani vile vistari vidogo vinavyokaa kwenye ncha za herufi kama kucha kwenye vidole. Times New Roman ni mfano unaojulikana na kila mtu. Jamii ya pili ni ya herufi zisizo na serifu, ambazo miguu yake imekatwa bila pambo lolote. Herufi za namna hii zilionekana katika kitabu cha mifano cha William Caslon wa Nne huko London mwaka 1816. Kwa muda mrefu zilikuwa herufi za mabango na matangazo, hata katika karne ya 20 zikapanda cheo na kuingia vitabuni. Kamati imekwisha kukubaliana kwamba kitabu chetu kitatumia jamii hii ya pili, na sisi hatuna ugomvi na uamuzi huo, kwani mtoto anayejifunza kuandika kwa kalamu haandiki serifu, na ni vyema herufi anayoisoma isiwe mbali sana na ile anayoiandika.

Sasa tuwatazame hao mapacha wanaogombewa. Helvetica ilitolewa mwaka 1957 na kiwanda cha kusubu herufi cha Haas, kilichokuwa Münchenstein karibu na mji wa Basel, nchini Uswisi. Aliyeichora ni Max Miedinger, akiongozwa na Eduard Hoffmann aliyekuwa mkuu wa kiwanda hicho, na jina lake la kwanza lilikuwa Neue Haas Grotesk. Mwaka 1960 ikapewa jina jipya kwa ajili ya biashara, ikaitwa Helvetica, kutokana na Helvetia, jina la Uswisi kwa Kilatini. Mwaka huohuo wa 1957, Mswisi mwingine, Adrian Frutiger, aliitoa Univers kwa mkono wa kiwanda cha Deberny & Peignot cha Paris. Sifa yake ni kwamba tangu mwanzo ilipangwa kuwa ukoo wa sura 21, nyembamba kwa nene, finyu kwa pana, kila moja ikitajwa kwa namba badala ya jina. Zote mbili zilikuwa na mzazi mmoja wa kutazamwa, nayo ni Akzidenz-Grotesk, herufi ya kiwanda cha Berthold cha Berlin iliyojulikana tangu mwisho wa karne ya 19. Arial ilizaliwa baadaye, mwaka 1982, mikononi mwa Robin Nicholas na Patricia Saunders wa kampuni ya Monotype, kwa ajili ya mashine za kuchapia za IBM. Ilipotiwa ndani ya Windows 3.1 mwaka 1992, ikaenea duniani kote kama maji ya mafuriko.

Je, zatofautianaje? Katika Helvetica ncha za herufi c, e na s zimekatwa mlalo. Katika Arial zimekatwa mshazari. Kichwa cha t katika Helvetica kimenyooka, katika Arial kimeinamishwa. Mguu wa R katika Helvetica washuka karibu wima, katika Arial wanyooka kwa upande. G ya Helvetica ina kijiti chini ya kidevu, ya Arial haina. Mtu aliyezoea kazi hii huzitambua mara moja, na anayo haki ya kuipenda moja kuliko nyingine, kama vile mshoni ana haki ya kupenda ushoni wa kola hii kuliko ile. Lakini tumwulize mwenzetu anayeipigania Helvetica: ni mwanafunzi gani wa darasa la tatu, huko Mbale au Arua, atakayesoma vizuri zaidi kwa sababu mguu wa R umeshuka wima?

Zaidi ya hayo, upana wa kila herufi ya Arial ulilinganishwa makusudi na upana wa Helvetica, ili moja iweze kuchukua mahali pa nyingine bila kuvuruga mistari ya ukurasa. Matokeo yake wapiga chapa wanayajua vema. Ukipeleka kazi iliyopangwa kwa Helvetica kwenye kompyuta isiyokuwa nayo, mashine huenda ikaiweka Arial kimyakimya, mistari ikabaki palepale, kurasa zikabaki zilezile, wala asiwepo wa kugutuka. Kwa hiyo yawezekana kabisa kamati yetu ikagombana mwaka mzima, ikainunua Helvetica kwa fedha za wanachama, kisha kitabu kikarudi kutoka mitamboni kimevaa Arial, na wale walioipigania wakakishika mkononi na kukisifu. Tofauti inayoweza kupotea hivyo bila kuonwa na waliyoitetea haistahili kutolewa fedha ya chaki.

Tukisema hivyo, wenzetu wa kundi la nne watashangilia na kusema: "Si tulisema? Herufi ni herufi!" Hapana. Wasiharakishe kushangilia, kwani hoja yetu kubwa inawaelekea wao.

Tazameni neno "Ilikuwa". Liandikeni kwa Helvetica, kisha kwa Arial, kisha kwa Univers. Herufi mbili za mwanzo, yaani I kubwa na l ndogo, zitatokea kuwa vijiti viwili vilivyosimama pamoja, visivyo na kichwa wala mguu, ambavyo jicho haliwezi kusema kipi ni kipi. Mapacha hawa wanaogombana juu ya mguu wa R wote wamejikwaa mahali pamoja, na mahali penyewe ndipo mlangoni pa Kiswahili.

Twasema mlangoni pa Kiswahili kwa sababu ya sarufi yenyewe, ambayo sisi walimu twaifundisha kila siku. Kiambishi cha nafsi cha ngeli ya nyumba na cha ngeli ya miti katika wingi wake ni i-. Kiambishi cha wakati uliopita ni -li-. Viwili hivi vinapokutana mwanzoni mwa sentensi huzaa Il- bila kukosa: Ilinyesha, Ilianguka, Ilipigwa, Ilipofika, Iliyokuwa. Ongezeni viunganishi kama Ili, Ila na Ilhali. Ongezeni kionyeshi Ile. Ongezeni majina ya mahali kama Ilala na Ilemela. Hadithi ngapi za watoto zina sentensi inayoanza kwa "Ilikuwa" au "Ilitokea"? Hii si ajali inayotokea mara moja katika kitabu kizima, bali ni jambo la kila ukurasa, na mara nyingi ni la kila aya. Kwa Mwingereza maneno yanayoanza hivyo ni machache, na kwa Mjerumani vivyo hivyo. Msanifu wa Basel hakukosea alipoitengenezea herufi lugha yake. Sisi ndio tutakaokosea, tukichukua kanzu iliyopimwa mwilini mwa mwingine na kumvisha mtoto wetu bila kutazama kama mikono inafika.

Wapo watakaotujibu kwa mfano wa Kifaransa, hasa ndugu zetu wa Burundi, Rwanda na Kongo waliosoma kwa lugha hiyo. Watasema kwamba Mfaransa naye huanza sentensi kwa "Il" mara nyingi mno, na Univers ilitolewa Paris, wala hatujasikia watoto wa Ufaransa wameshindwa kusoma. Hoja hii ni nzuri, na yastahili jibu. Lile "Il" la Kifaransa ni neno zima, fupi, lisilobadilika, linalosimama peke yake likifuatwa na nafasi tupu. Mtoto hulijua kwa umbo lake lote, kama ajuavyo uso wa mjomba wake, naye amekuwa akilisikia tangu kuzaliwa. Il- yetu si neno. Ni kichwa cha kitenzi kirefu ambacho mtoto analazimika kukipasua silabi kwa silabi ndipo akielewe: I-li-po-fi-ki-shwa. Asipoijua silabi ya kwanza, mlango umefungwa, na nyumba yote imebaki gizani.

Wengine watasema kwamba muktadha humwokoa msomaji. Ni kweli humwokoa, lakini humwokoa nani? Humwokoa yule aliyekwisha kuijua lugha. Sisi tunaosoma makala haya hatuzisomi herufi moja moja. Twayatambua maneno kwa mazoea, na kama herufi mbili zimefanana akili yetu huchagua iliyo sahihi kabla hatujang'amua kwamba palikuwa na shaka. Mwanafunzi anayeanza hana akiba hiyo. Na kwa nchi yetu jambo hili lina uzito wa pekee. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Rwanda nayo ilikifanya lugha rasmi kwa sheria ya mwaka 2017. Maana ya hatua hizi ni kwamba wako watoto wengi watakaokutana na Kiswahili kwa mara ya kwanza darasani, wala si nyumbani. Mtoto wa Mombasa au Unguja hulisikia neno kwanza, kisha huliona. Mwanafunzi wetu aghalabu huliona kwanza, kisha hulisikia. Kwake yeye jicho limetangulia sikio, na kosa la jicho halina wa kulisahihisha isipokuwa mwalimu mmoja aliyesimama mbele ya darasa lililojaa.

Tumeanza na Il kwa kuwa ndiyo wazi zaidi, lakini si peke yake. Kiswahili ni lugha ya a. Chukueni sentensi hii, ambayo tumeitunga makusudi: "Baba na kaka walikaa barazani wakala maandazi." Ina herufi 39, na katika hizo 17 ni a. Si kila sentensi iliyo hivyo, lakini mwalimu yeyote aweza kuufungua ukurasa wowote na kuhakikisha kwamba hakuna herufi inayorudi mara nyingi kama hiyo. Basi sura ya a ndiyo sura ya ukurasa wetu. Zipo herufi, kama vile Futura aliyoisanifu Paul Renner mwaka 1927, ambazo a yake ni duara kamili lililoegemezwa kijiti. Ni nzuri kwa jina la duka. Lakini kijiti hicho kikififia kidogo, a imekuwa o, na katika Kiswahili kati ya a na o kuna maneno mazima: papa na popo, dada na dodo, chama na choma, raha na roho, haja na hoja. Mwenye haja akisomwa kuwa mwenye hoja, labda atashukuru. Lakini dada akisomwa kuwa embe, hadithi imeharibika.

Wapo walimu wanaotaka a ya duara kwa sababu ndiyo mtoto anayoiandika kwa mkono, nasi hatuwapingi. Hoja yao ina msingi, na wasanifu kadhaa wa herufi za watoto wameifuata. Twasema tu kwamba ikichaguliwa a ya duara, kijiti chake kionekane wazi, na duara lenyewe lisiwe nakala ya o.

Kisha tukumbuke maisha halisi ya kitabu katika shule zetu. Nakala moja ikifika shuleni, mwalimu huipeleka kwenye mashine ya fotokopi. Nakala ile hutolewa nakala nyingine, na hiyo nyingine tena. Kila hatua wino huvimba. Katika Helvetica midomo ya herufi c, e na a imejikunja ndani, karibu kufumba, na hapo ndipo wino unapopaziba kwanza. E iliyozibwa ni o. Hatuna haja ya kueleza kirefu kitakachotokea kwa sentensi isemayo kwamba mwalimu mkuu amepata cheo. Arial ina midomo iliyofunguka kidogo zaidi, lakini kidogo tu. Frutiger yuleyule, aliyekuwa amekwisha kuitoa Univers, alipotakiwa kutengeneza herufi za vibao vya uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle huko Roissy, hakuitumia Univers yake. Alichora herufi nyingine yenye midomo iliyo wazi, ambayo ilitolewa mwaka 1976 ikaitwa kwa jina lake, ili msafiri mwenye haraka aisome kutoka mbali. Ikiwa mwenye Univers mwenyewe aliiona haifai kwa kazi ile, sisi tuna sababu gani ya kuivisha kila kazi?

Jambo la nne ni ritifaa ya ng'. Hii si alama ya pambo. Ngoa si ng'oa. Ng'ombe, ng'ambo, ng'ara na nong'ona haziandikiki bila ya ritifaa. Katika herufi nyingi za kompyuta alama hiyo ni kijistari chembamba kilichosimama wima, na pengine hupewa nafasi kubwa hata neno likakatika vipande viwili: ng na ombe. Herufi itakayochaguliwa ijaribiwe kwa maneno hayo kwanza. Na kwa hilihili twashauri kwamba mazungumzo katika kitabu yafungwe kwa alama mbili za mtajo, yasifungwe kwa moja, maana alama moja ya mtajo na ritifaa ni mtu na kivuli chake, na mtoto hawezi kujua usemi umeishia wapi na ng' imeanzia wapi. Aidha, kwa kuwa sehemu ya mwisho ya kitabu itakuwa na faharasa ya Kiswahili na Luganda, herufi hiyo lazima iwe na ŋ, ambayo imo katika tahajia ya Luganda. Si kila fonti iliyo nayo.

Jambo la tano ni msitu wa vijiti. Semeni: "Lori lililala Ilala." Katika neno "lililala" herufi sita kati ya nane ni vijiti. Vikibanwa sana huwa ua wa matete. Vikiachanishwa sana neno hutawanyika. Vivyo hivyo "ununuzi" na "mnunuzi", ambamo u na n zinafuatana, na katika baadhi ya herufi hizi u si chochote ila n iliyopinduliwa. Kuna na kuua zimetengwa na kupinduka huko tu. Vitabu vya uchapaji vya Kiingereza humshauri msanifu ajaribu r na n zilizo karibu, zisije zikaonekana m. Kwa lugha yetu ambayo silabi zake nyingi huishia kwa irabu jaribio hilo halina kazi kubwa, ingawa neno karne lipo, na likibanwa huwa kame. Majaribio yenyewe, basi, yafaa yatokane na maneno yetu. Tukiazima herufi na kuazima hata namna ya kuzipima, tumebaki na nini cha kusema kwamba ni chetu?

Yamkini msomaji atauliza: je, mmebomoa, mwajenga nini? Twajibu kwamba dunia haina uhaba wa herufi zilizotengenezwa na watu waliolifikiri tatizo hili. Tangu mwaka 1916, Edward Johnston alipowachorea wasafiri wa reli za chini ya ardhi za London herufi zao, aliipinda l ndogo mguuni ili isifanane na I kubwa. Kinyume chake, Gill Sans, aliyoitoa mwanafunzi wake Eric Gill mwaka 1928, iliziacha I, l na hata tarakimu 1 zikawa kijiti kimoja kilekile, na baadaye ikabidi itengenezwe sura ya pekee kwa ajili ya vitabu vya watoto. Verdana, aliyoichora Matthew Carter kwa ajili ya Microsoft mwaka 1996, imeipa I kubwa vistari juu na chini. Taasisi ya Braille ya Marekani ilitoa Atkinson Hyperlegible mwaka 2019 kwa ajili ya watu wenye uoni hafifu, na kila herufi yake ilichorwa kwa kusudi la kutengana na jirani yake. Nayo hutolewa bila malipo. Na shirika la SIL limetoa, bila malipo vilevile, herufi iliyosanifiwa kwa ajili ya watu wanaoanza kujifunza kusoma, yenye ŋ na alama nyingi za lugha za Afrika. Jina lake ni Andika. Ni aibu iliyoje kwamba wageni waliitia herufi yao jina la Kiswahili, nasi wenye Kiswahili twagombea jina la Kilatini la Uswisi!

Hatusemi kwamba mojawapo ya hizi haina dosari. Verdana ni pana mno. Lugha yetu hujenga maneno marefu, mathalani "yaliyokwishaandikwa" na "aliyemwandikia", na katika herufi pana maneno kama hayo huula mstari mzima, kurasa zikaongezeka na gharama ya karatasi ikapanda. Andika ina a ya duara, ambayo baadhi yetu hawaitaki. Atkinson huonekana ngeni kwa jicho lililozoea Arial. Kila uchaguzi una gharama yake. Tunachodai ni kwamba gharama hizo zipimwe kwa faida ya msomaji, zisipimwe kwa fahari ya mchaguzi.

Kwa hiyo twapendekeza kwa kamati utaratibu ufuatao. Kwanza, zichaguliwe herufi nne, wala Arial isiachwe nje, ili asiwepo wa kulalamika kwamba imehukumiwa bila kusikilizwa. Pili, ukurasa mmoja wa hadithi ileile uchapwe kwa kila moja ya herufi hizo, kwa ukubwa uleule wa macho, maana herufi mbili zenye namba moja ya ukubwa huenda moja ikaonekana kubwa kuliko nyingine. Ukurasa huo uwe na Ilikuwa, Ilala, lililala, ng'oa, ununuzi, cheo na karne. Tatu, kila ukurasa utolewe fotokopi mara tatu, nakala juu ya nakala, na hiyo ya tatu ndiyo ipelekwe darasani. Nne, walimu watano katika shule tano wawasomeshe wanafunzi wanaoanza, kila kikundi kipewe herufi yake, na mwalimu aandike kila neno ambalo mtoto amesita au amelikosea. Tano, daftari hizo tano ziletwe mezani, na kamati iamue kwa kuzitazama hizo, hata kama uamuzi utakuwa wa kuirudia Arial. Kazi hii yote haihitaji fedha nyingi wala mtaalamu kutoka nje. Yahitaji siku chache za Jumatatu hadi Ijumaa, na unyenyekevu wa kumsikiliza mtoto.

Wenzetu wa kundi la nne, wasemao kwamba herufi ni herufi, twawakumbusha kwamba wao ni wasomaji wa miaka mingi. Wahenga walisema: kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake. Mwalimu aliyekwisha kuwa mahiri hawezi tena kuulalia ukurasa kama aulaliavyo anayeanza. Njia iliyobaki kwake ni kumwuliza huyo anayeanza, tena kabla kitabu hakijachapwa. Twaiomba kamati isipige kura juu ya Helvetica wala Arial wala Univers mpaka majaribio hayo yawe yamefanywa, na twawaomba walimu walio tayari kuyafanya katika madarasa yao wajiandikishe kwa katibu wa chama kabla ya muhula ujao kuanza.